Kuzamia Azores: jiandae kwa buluu isiyo na chini

Nilijifunza kuzamia Pemba, na kwa miaka mingi nilidhani kuzamia ni kutazama mwamba. Unashuka, ukuta wa matumbawe uko ubavuni, mchanga uko chini, na ukizubaa kidogo jicho linajua pa kurudi. Siku yangu ya kwanza visiwa vya Azores, katika Atlantiki, niliiachia kamba, nikageuza kichwa kumtafuta taa, samaki bapa mwenye mabawa, ambaye mwongozaji alikuwa akinionyesha. Nilipoitazama tena kompyuta ya kuzamia, inayovaliwa mkononi kama saa na kuonyesha kina, nilikuwa nimeshuka mita 9 bila kuhisi chochote. Juu buluu, chini buluu, pande zote buluu, na hakuna hata jiwe moja la kukuambia kwamba unazama.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na hoteli. Azores ni mahali pa kwenda kuwaona papa buluu, papa potwe na makundi ya taa wenye mabawa ya mita 3, lakini wanyama hao huonekana katika bahari kuu, mbali na pwani, juu ya vilele vya milima iliyozama. Anayefurahia safari hiyo ni yule aliyejizoeza kukaa katikati ya maji matupu, na aliyejiwekea siku za kutosha kuisubiri bahari itulie. Mengine yote yanatengenezeka.

Kwa nini wanyama wakubwa hukusanyika huko

Azores ni visiwa 9 vya Ureno katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, kama kilomita 1,500 magharibi ya Lisbon. Vyote ni volkano zilizopanda kutoka sakafu ya bahari. Mlima wa kisiwa cha Pico una urefu wa mita 2,351 na ndio mrefu kuliko yote Ureno. Mteremko wake hauishii ufukweni, bali unaendelea kwenda chini, na maili chache tu kutoka nchi kavu kina kinapita mita 1,000. Kwetu ni mlango wa Pemba tu unaokaribia hali hiyo. Unguja na Mafia zimekaa juu ya rafu ya bara, maji yake si ya kina kirefu.

Kati ya visiwa na mbali navyo iko milima mingine ambayo haikufika juu. Mkondo wa bahari ukigonga mlima wa namna hiyo hulazimika kupanda, na maji ya baridi yenye rutuba huja karibu na mwanga. Vijimea na vijidudu vya bahari huongezeka, dagaa na samaki wadogo huvifuata, jodari na kolekole huwafuata dagaa, na papa naye hakosi. Mvuvi yeyote wa kwetu anayejua kwamba samaki hukaa penye kichwa cha mwamba na siyo penye mchanga mtupu ameshaielewa Azores.

Hatua ya kwanza: chagua mnyama, kisha mwezi, kisha kisiwa

Wengi hukata tiketi kwanza halafu ndipo huuliza wataona nini. Fanya kinyume chake.

Ukitaka taa, mwezi wako ni kati ya Julai na Septemba. Hawa ni mobula wenye mabawa yaliyopinda kama mundu. Huja kwa makundi na kuzunguka juu ya vilele vichache vinavyojulikana: Ambrósio, maili chache kaskazini ya kisiwa cha Santa Maria, Dollabarat, karibu na visiwa vidogo vya Formigas, na Princess Alice, mlima ulio karibu maili 50 za baharini kusini magharibi ya Faial na Pico. Mlima huo wa mwisho uligunduliwa mwaka 1896 na Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliyekuwa akichunguza bahari kwa jahazi lake, na jina lilitokana na jahazi hilo. Kilele chake kiko kama mita 35 chini ya maji.

Ukitaka papa buluu, kaa Faial au Pico kati ya Julai na mwanzoni mwa Oktoba. Boti huenda kwenye mlima wa Condor, magharibi ya Faial, ambao kilele chake kiko karibu mita 200 chini. Hakuna atakayekifikia kilele hicho, wala haina haja, kwa kuwa papa ndiye anayepanda kukufuata wewe.

Papa potwe ni wa Santa Maria, mwishoni mwa kiangazi chao, maji yanapokuwa na joto kuliko miezi mingine. Waliomwona Mafia wafahamu kwamba huku ni tofauti. Kilindoni potwe huja karibu na ufukwe, wengi wao bado vijana, nao huchuja vijidudu vya bahari. Azores wengi ni wakubwa hasa, huonekana bahari kuu wakiwa wamezungukwa na jodari, na wote kwa pamoja huwashambulia samaki wadogo waliojikusanya kama mpira. Hakuna anayeweza kukuahidi. Kuna miaka huonekana mara nyingi, na kuna miaka huonekana kwa nadra sana.

Nyangumi wa manii hukaa Azores mwaka mzima, na Aprili na Mei hupita nyangumi wakubwa zaidi, akiwemo nyangumi buluu mwenyewe. Hao utawatazama ukiwa ndani ya boti. Kuogelea na nyangumi hakuruhusiwi bila kibali maalumu cha utafiti au upigaji filamu. Pomboo ndio unaoweza kuogelea nao, kwa snokeli, yaani bomba la kupumulia ukiwa juu ya maji, na kampuni yenye leseni. Mtu akikuambia atakushusha na mtungi wa hewa karibu na nyangumi, tafuta mwingine.

Jambo moja linawafaa sana wazamiaji wa Afrika Mashariki. Julai hadi Septemba kwetu ni kusi, bahari inachafuka na vituo vingi vya kuzamia vya pwani hupunguza kazi. Msimu wetu mzuri, wakati wa kaskazi, ni Desemba hadi Machi. Unaweza basi kufanya mazoezi nyumbani Januari na Februari maji yakiwa shwari, kisha ukasafiri Agosti bila kukosa chochote kwenu.

Hatua ya pili: jipime kwa haki, kisha jizoeze nyumbani

Vituo vingi vya Azores huuliza cheti cha Advanced, yaani kinachokuruhusu kufika mita 30, kwa safari za bahari kuu. Kwa Princess Alice watakuuliza pia umeshazamia mara ngapi na lini mara ya mwisho. Usiongeze idadi. Mimi nakwambia: chini ya mara 50, nenda, lakini anza na Ambrósio na pwani ya visiwa, uiache Princess Alice hadi mwisho wa safari au hadi mwaka mwingine. Kilichopo pale ni kina, mkondo na umbali wa karibu saa 3 kutoka bandarini. Si mahali pa kugundua kwamba hujui kujiweka sawa majini.

Mazoezi manne nayaona ni ya lazima, na yote yanafanyika Pemba, Mnemba, Mafia, Diani au Watamu.

La kwanza ni kuning'inia. Mwombe mwalimu wako mtoke kwenye mwamba hadi msiuone tena, kisha mkae mita 5 kwa dakika 10 bila kushika kamba. Usipige mapezi na usipunge mikono, tumia pumzi tu. Mara ya kwanza utapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Rudia hadi namba kwenye kompyuta isitembee zaidi ya nusu mita. Halafu fanya hivyohivyo mita 15.

La pili ni kuitazama kompyuta bila kukumbushwa. Penye mwamba jicho linakusaidia, penye buluu namba ndiyo mwamba wako. Mimi nilijizoeza kuitazama kila nikitoa pumzi ya tatu, hadi ikawa desturi.

La tatu ni boya la ishara. Lazima uweze kulijaza hewa ukiwa mita 5 na kulipeleka juu peke yako, bila kamba kukuzunguka na bila wewe kupanda nalo. Mkondo ukikuondoa kwenye boti katika Atlantiki, boya hilo ndilo nahodha atakalolitafuta, kwani kichwa cha mtu hakionekani katikati ya mawimbi.

La nne ni kuvua miwani na kuivaa tena ukiwa umening'inia. Ufundi huu wengi waliufanya wakiwa wamepiga magoti mchangani, wakaufunga pamoja na cheti. Azores hakuna mchanga wa kupigia magoti.

Hatua ya tatu: viza na ndege

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kwa kuwa unakwenda Ureno, maombi yako ni ya Ureno. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Sheria inataka isipungue siku 15, lakini anayetaka Agosti na aanze Machi au Aprili, maana nafasi za miadi hujaa. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Soma bima hiyo kwa makini: nyingi haziingizi kuzamia, au huishia mita 18. Kata bima nyingine ya wazamiaji inayolipia matibabu ya chumba cha shinikizo, anakotibiwa mzamiaji aliyepatwa na mapovu ya nitrojeni mwilini, na usafiri wa dharura, kwa sababu kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine mgonjwa husafirishwa kwa ndege. Ndugu zetu walioko Oman na Emirates wataomba wakiwa huko wanakoishi. Walio na ukaazi wa nchi ya Schengen hawana haja ya viza.

Ndege nyingi hupitia Lisbon au Porto. Lango kuu ni Ponta Delgada, katika kisiwa cha São Miguel. Walioko Marekani na Kanada wanazo ndege za moja kwa moja hadi hapo kutoka Boston na Toronto. Kutoka Ponta Delgada unapanda ndege ndogo ya ndani kwenda Santa Maria, Faial au Pico. Faial na Pico zinatazamana: feri kati ya mji wa Horta na Madalena huchukua nusu saa hivi, kwa hiyo ukilala kwenye kimoja unaweza kuzamia na kituo cha kingine.

Usijaribu visiwa 4 kwa wiki 1. Ramani inaonyesha viko karibu, lakini ukungu au upepo hufuta safari za ndege ndogo mara kwa mara, na kila kuhama kunakula siku nzima ya kuzamia. Kwa siku 7, chagua upande mmoja: ama Santa Maria peke yake, ama Faial na Pico. Ukiwa na siku 12 au 14, unganisha zote mbili.

Hatua ya nne: nunua siku, siyo mizamo

Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza. Wenyeji wa Azores husema kisiwa chao kina misimu minne kwa siku moja, na wana haki. Asubuhi jua, adhuhuri mvua, alasiri upepo unaoinua bahari mita 2. Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki, na hakuna pesa itakayombadilisha. Safari yangu ya pili nilipanga siku 5 tu na bahari ikachukua 3. Nilimwona taa mmoja, kwa mbali, dakika 2. Rafiki aliyebaki wiki moja baada yangu aliwahesabu zaidi ya 30 kwa mzamo mmoja.

Basi pangilia hivi. Kwa kila siku 2 za bahari kuu unazozitaka, weka 1 ya ziada. Ziweke siku za bahari kuu mwanzoni mwa safari, siyo mwishoni, ili zikiahirishwa zipate pa kwenda. Mwandikie mwenye kituo mapema umwambie unachokitaka na siku zote utakazokuwepo, kisha umwachie yeye achague siku. Yeye anasoma upepo kila asubuhi, wewe unasoma kalenda tu. Siku bahari kuu ikiwa mbaya, mara nyingi upande mmoja wa kisiwa huwa umekingwa, na hapo utazamia pwani: mapango ya lava, chewa wakubwa wasioogopa watu, mikunga iliyochungulia mashimoni, mizia waliosimama kwa safu. Ni mizamo mizuri, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya bahari kuu, ambako unalipia mafuta ya saa nyingi. Uliza pia mapema: safari ikiahirishwa kwa sababu ya hewa narudishiwa fedha au napewa siku nyingine? Jibu lije kwa maandishi.

Hatua ya tano: vifaa na mwili

Wa pwani yetu amezoea maji ya nyuzi 27 na kuendelea. Azores mwezi wa Agosti uso wa bahari ni kati ya 22 na 24, na kadiri unavyoshuka baridi huongezeka. Si baridi ya kutisha, lakini kwenye buluu hutembei, unaning'inia dakika 45 bila kusogeza misuli, na hapo ndipo inapokuingia. Suti ya milimita 7, au ya 5 yenye fulana ya ndani na kofia yake, ndiyo ninayoishauri. Usione haya kuvaa kofia.

Suti nene inaelea, kwa hiyo vipande vya risasi vya kukushusha majini ulivyozoea kwenye mkanda Mafia havitatosha. Usikisie. Siku ya kwanza omba mzamo rahisi karibu na bandari upime uzito wako, mtungi ukiwa karibu kwisha. Uliza na aina ya mtungi: wa chuma hubaki mzito hadi mwisho, wa aluminiamu huanza kuelea hewa inapopungua, na tofauti hiyo hukusumbua wakati ule unaotaka kutulia mita 5. Kama una regulata yako, yaani kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi, uliza vali zao ni za aina gani ili ubebe kiunganishi.

Chukua kwenu: miwani iliyokukaa vizuri, kompyuta unayoijua, boya la ishara na kamba yake, filimbi, na taa ndogo ya mkononi. Mapezi, jaketi la kuelea na suti vinakodishwa huko, na ndege ndogo za ndani hazipendi mizigo mizito.

Kichefuchefu hakichagui. Mvuvi wa miaka 20 anaweza kulemewa na mawimbi marefu ya Atlantiki, kwa kuwa hayafanani na ya mlango wa Unguja. Mwone daktari akupe dawa isiyokuletea usingizi majini, uijaribu kwanza nyumbani, na huko uimeze usiku wa kuamkia safari. Ukingoja hadi tumbo lianze umechelewa. Kula asubuhi, kidogo na kikavu. Mkate na ndizi hufaa.

Kwa Waislamu: vyakula vingi vya nyama huko vina nguruwe ndani yake, hata supu na maharage hutiwa soseji au mafuta yake, hivyo uliza kabla ya kuagiza. Samaki ndiye mkombozi. Jodari wa kuchoma, viazi vitamu, jibini la São Jorge, mkate wa maziwa wa São Miguel, hutalala njaa. Magharibi mwezi wa Julai huingia karibu saa 3 usiku kwa saa yetu ya kuhesabu, na mchana ni mrefu. Panga usingizi wako kwa kuzingatia hilo, kwani boti hutoka asubuhi.

Hatua ya sita: majini na taa

Boti ikifika Ambrósio hutaona kitu cha kukujulisha kwamba mmefika. Bahari ni ileile. Nahodha anafuata ramani yake hadi kwenye kamba iliyofungwa kileleni, na kilele kiko zaidi ya mita 40 chini, hukioni. Mnashuka kwa kamba hadi kati ya mita 5 na 15, kila mtu anajipanga, na mnangoja.

Kungoja huku ni sehemu ya kazi. Wageni wengi huharibu hapa, maana dakika 10 zikipita bila mnyama huanza kuogelea huku na huko kutafuta. Taa akiona mtu anamkimbilia hugeuza bawa mara moja tu na kutoweka. Ukitulia, pumzi ndogondogo, mikono kifuani, yeye mwenyewe hukukaribia. Kwanza unaona kivuli kisicho na umbo chini ya miguu. Kisha vinakuwa vitatu. Kisha kundi zima linapanda likizunguka, wenye rangi ya zaituni mgongoni, baadhi wakiwa na samaki-kibandiko tumboni, na wanapita karibu hadi unayaona macho yao yakikutazama. Wengi wao ni majike, na baadhi wana mimba iliyojaa. Kila mmoja huzaa mtoto 1 tu kwa wakati, na hii ndiyo sababu uvuvi mdogo tu unaweza kuwamaliza.

Kwa nini wanakaa juu hivyo? Mwaka 2014 watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia taa hawa wa Azores walitangaza kwamba hushuka karibu mita 2,000, kwenye maji ya chini ya nyuzi 4, kisha hurudi juu. Inaelekea hupanda kwenye jua ili miili ipate joto kabla na baada ya mbizi hizo. Kila ninapowaona wakielea karibu na uso namkumbuka mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi akaketi barazani kuota jua. Usimguse, na usimpulizie mapovu kutoka chini yake.

Majini na papa buluu

Condor ni namna nyingine kabisa ya subira. Injini inazimwa, boti inaachwa ichukuliwe na maji. Ndoo yenye matundu iliyojaa mabaki ya samaki inashushwa, na harufu husafiri. Papa anaweza kuja baada ya nusu saa, au saa 3, au asije. Hakuna anayeingia majini hadi wawepo na watulie.

Mwongozaji atawapa maelekezo na yafuate herufi kwa herufi. Mwili wote ufunikwe, na glovu ziwe nyeusi, siyo nyeupe wala njano, kwa kuwa mkono unaong'aa unafanana na samaki aliyekufa. Mnashuka kwa kamba kama mita 10, mnakaa pamoja migongo ikilindana, mikono ikiwa karibu na mwili. Papa buluu ana pua ndefu yenye vitundu vinavyohisi umeme mdogo, hivyo huvutwa na vyuma: kamera, taa za kamera, hata mtungi wako. Akija kukugusa na pua anauliza wewe ni nini. Mtazame machoni, geuka naye anavyozunguka, na kamera yako iwe kati yako na yeye. Usimpe mgongo. Mwongozaji akionyesha ishara ya kupanda, panda, hata kama kamera haijapata picha.

Najua wapo wasiopenda jambo la kutumia chambo, na hoja yao ninaiheshimu. Mimi naona hivi: papa buluu ni miongoni mwa papa wanaovuliwa zaidi duniani, kwa mapezi na nyama, na papa aliye hai anayemletea kazi nahodha wa Horta kila kiangazi ana mtetezi. Oktoba 2024 bunge la Azores lilipitisha mpango wa kulinda asilimia 30 ya bahari yao, kama kilomita za mraba 287,000. Chagua kituo kinachotumia chambo kidogo, kisichomlisha papa kwa mkono, na kinachopunguza idadi ya watu majini.

Kama njia ya Ulaya haipatikani

Viza ikikataliwa au gharama ikishinda, kiko kisiwa kingine cha Atlantiki kinachofikika kupitia Afrika: Saint Helena, eneo la ng'ambo la Uingereza. Tangu 2017 ndege ya abiria huenda huko kutoka Johannesburg. Potwe wakubwa, madume na majike, huonekana Desemba hadi Machi, na unaogelea nao kwa snokeli. Safari hiyo nayo ina taratibu zake za kuingia na ndege zake ni chache, kwa hiyo anza kuulizia mapema vilevile.

Hatua ya mwisho: kutoka majini kwenda nyumbani

Baada ya siku nyingi za kuzamia, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita; mimi huacha 24. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni mlima wa Pico. Wageni humaliza mzamo asubuhi, na alasiri huanza kuupanda mlima ili walale kileleni. Mita 2,351 ni kama kupanda ndege: shinikizo la hewa hupungua na nitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu. Ukitaka kupanda, panda kabla ya kuanza kuzamia. Hata barabara zinazopita nyanda za juu za kisiwa, muulize mwongozaji wako kwanza.

Ukihisi maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usioelezeka, sema hapohapo. Usinyamaze kwa kuona haya wala usingoje kesho. Omba oksijeni, piga 112, namba ya dharura, kisha piga namba ya bima yako ya wazamiaji.

Siku ile ya mwisho isiyo na maji mimi huenda Lajes, kusini ya Pico. Kwa zaidi ya karne watu wa huko waliwinda nyangumi kwa mashua za mbao na mikuki ya kurusha kwa mkono, na nyangumi wa mwisho aliuawa 1987. Mashua zimewekwa katika jumba la makumbusho, nyembamba na ndefu kama ngalawa isiyo na matengo. Juu ya majabali bado viko vibanda vya walinzi, viitwavyo vigia. Zamani mlinzi akiona pumzi ya nyangumi alirusha fataki, na wanaume wakaacha majembe na kukimbilia bandarini. Leo mlinzi yuko palepale na darubini yake kubwa, anamwambia nahodha wa watalii kwa redio: nenda kusini, maili 4, yuko mmoja na mtoto wake. Kituo chako kinaweza kukuombea ruhusa ya kuingia kibandani. Kaa naye saa moja, hata kama hamwelewani kwa lugha. Atakushika bega na kukuelekeza pa kutazama.